Kila Nikimpigia, Anahema

Kila nilipompigia mume wangu saa mbili na nusu asubuhi, nikiwa nimeshafika ofisini na chai yangu ipo mezani, alikuwa anapokea huku anahema.

"Baba Junior, unafanya nini?"

"Nakimbia."

Jamani! Mwanamume ambaye hapa Dar alikuwa anawasha gari kwenda duka la mtaa wa pili kununua vocha, leo anakimbia? Tena Hispania? Nilipowasimulia wenzangu ofisini walitazamana tu. Mmoja, mtu mzima kuliko sisi wote, akaniambia, "Mdogo wangu, kata tiketi ukajionee mwenyewe."

Nikakata. Mwezi wa tano, likizo ya wiki tatu, Junior akabaki kwa bibi yake. Mwenzangu alikuwa na miezi minane Segovia, anasoma shahada ya pili. Alikuja kunipokea Madrid, na cha kwanza nilichokiona ni kwamba kitambi hakipo. Mke mwingine angefurahi. Mimi nilijiuliza, nani kamkondesha huyu?

Kutoka Madrid mpaka Segovia ni nusu saa tu kwa treni ya kasi. Stesheni ipo nje ya mji, katikati ya mashamba, unaweza kudhani umeshushwa porini. Basi ndilo linakupeleka mjini, na kituo cha mwisho kipo karibu na kitu ambacho mpaka leo nikikifikiria nashangaa: daraja la maji walilojenga Warumi karibu miaka 1,900 iliyopita. Matao zaidi ya 160, mahali parefu kabisa yanafika mita 28, na mawe yale yamepangwa bila saruji wala udongo wa kuyashikanisha. Yameshikana kwa uzito wake yenyewe. Lilikuwa linaleta maji ya mlimani hadi mjini, na limesimama pale watu wanakunywa kahawa chini yake kama vile ni kitu cha kawaida.

Asubuhi ya pili saa moja nikamsikia ananyata kutafuta raba. Nikawasha taa. "Nakuja."

"Utaweza?"

Lile neno liliniuma. Nikavaa traksuti yangu mpya, lebo nikaing'olea ngazini.

Njia yake ya kila siku inazunguka mji wote kwa chini, na haifiki kilomita saba. Mnaanzia chini ya matao, kwenye uwanja unaoitwa Azoguejo, mnafuata ukuta wa mji kuteremka hadi Mto Eresma. Huko chini hamna magari. Kuna miti mirefu, kuna kiwanda cha zamani cha kutengeneza sarafu cha Mfalme Felipe wa Pili, kuna nyumba ya watawa ya El Parral ng'ambo ya mto, na maji yanapiga kelele ubavuni mwako muda wote. Ni kivuli, ni tambarare, ukianza hapo utajiona bingwa.

Halafu miti inafunguka na unatokea kwenye uwanja wa majani wa San Marcos. Nyanyua macho. Juu ya jabali kuna ngome imechongoka mbele kama jahazi, minara ina vichwa vyeusi vya ncha. Wanaiita Alcázar. Mume wangu akaniambia ni neno la Kiarabu, ndilo hilo hilo letu la kasri. Na Azoguejo tulikotoka inatokana na neno lililotupa soko. Yaani nimesafiri usiku kucha kwa ndege, nimefika nakimbia kutoka sokoni kwenda kasri! Nikacheka, naye akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikamuona yule niliyeolewa naye.

Raha ikaishia hapo. Ukipita chini ya kasri unakunja kushoto, unakuta mlima wa Cuesta de los Hoyos. Kumbuka Segovia ipo kama mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, inakaribia Dodoma, na mimi ni mtu wa Mikocheni. Nusu ya mlima nilikuwa nimeshika kiuno, namtukana kimoyomoyo. Ng'ambo ya bonde mji wote umejianika, kanisa kuu, ukuta, nyumba za rangi ya mchanga, lakini mimi nilikuwa naangalia vidole vya miguu yangu. Alinisubiri juu. Hakusema "nilikwambia." Hilo nililiweka akilini kwa niaba yake.

Siku zilizofuata nikazoea. Kama na wewe utafika huko, nikupe moja mbili. Usikimbie mji wa juu kukiwa na mvua, mawe ya vichochoroni yanateleza kama sabuni. Wiki ya kwanza anza na Vía Verde, njia iliyotengenezwa juu ya reli ya zamani kwenda Olmedo. Yote ina zaidi ya kilomita 70, lakini hakuna anayekulazimisha. Treni haikupenda milima, kwa hiyo na wewe huipandi. Unatoka mjini unaingia kwenye ngano moja kwa moja, mwezi wa tano bado ni kijani na imejaa maua mekundu. Nyuma yako ipo milima ya Guadarrama. Kipande kimoja wanakiita Mwanamke Aliyekufa, maana ukikitazama kutoka mjini ni kweli mwanamke amelala chali na mikono kifuani. Mume wangu alinionyesha kwa furaha kubwa. Mimi sikukipenda hata kidogo.

Wanawake wengine hakuna, hilo nilishalithibitisha. Lakini kuna kitu alikuwa anakizunguka kama tulivyokuwa tunauzunguka ule mji. Nikitaja Agosti, kurudi nyumbani, kiwanja chetu cha Goba, anageuza maneno.

Jumapili ya pili akasema leo twende Zamarramala, kule anakokwenda akitaka kufikiri. Nikajua leo ndiyo leo.

Zamarramala ni kijiji juu ya kilima, upande wa pili wa mto. Unapanda kutoka San Marcos, unapita kanisa dogo la Vera Cruz lenye pande 12, la tangu 1208, limesimama peke yake ukingoni mwa shamba. Baada ya hapo ni mteremko unaoupanda bila huruma. Ni njia fupi, lakini mapafu yatakwambia vingine. Kijiji chenyewe kinajulikana kwa jambo moja: kila Februari, sikukuu ya Mtakatifu Águeda, wanawake wanakabidhiwa fimbo ya umeya na wao ndio wanaotawala. Aliniambia hayo tukiwa tumekaa juu, tunatazama kasri na kanisa kuu vikiwa vidogo chini yetu. Kisha akaendelea kwa sauti ile ile.

"Pale nilipofanyia mafunzo kwa vitendo wamenipa mkataba. Miaka miwili. Nilitaka kukwambia."

"Tangu lini?"

"Wiki sita."

"Nani mwingine anajua?"

Akakaa kimya kidogo. "Mama."

Wiki sita nimempigia kila siku. Wiki sita mama mkwe anakuja kwangu, anakula kwangu, anambeba Junior, anajua. Sikusema kitu. Nilisimama nikateremka kile kilima mbio, na niwaambie ukweli, sijawahi kukimbia vizuri vile maishani mwangu. Sikusimama Vera Cruz, sikusimama San Marcos. Nilisimama Plaza Mayor, juu kabisa ya mji, nikiwa sijui nimepandaje.

Uwanja ule, Desemba 1474, mbele ya kanisa la San Miguel, binti wa miaka 23 aitwaye Isabel alitangazwa malkia wa Castilla, siku chache tu baada ya kaka yake wa baba mmoja kufariki. Mumewe Fernando alikuwa safarini Aragón. Hakumsubiri. Fernando alipofika Januari, amenuna, walikaa hapo hapo Segovia wakaandikiana makubaliano, nani anaamua nini, jina la nani linatangulia, na tarehe 15 Januari 1475 yakatiwa saini. Nilikuwa nimeyasoma siku mbili kabla, nikayaona ni mambo ya watalii. Asubuhi ile, nikiwa na jasho na sina hata senti ya kununua maji, niliyaona mengine kabisa.

Alinikuta baada ya robo saa. Nikamwambia, "Nenda kanunue daftari."

Akafikiri natania. Tulikaa kibarazani mpaka saa sita, mhudumu ametuletea kahawa mara tatu. Nilikuwa na mengi ya kusema. Miezi mitatu nilikuwa nakaimu umeneja wa tawi, na kila aliponiuliza "kazi vipi" nikamjibu "nzuri," basi. Hakujua kama nataka kuthibitishwa. Kumbe na mimi nilikuwa nimemficha, ila mwenzangu ndiye aliyetangulia kushikwa.

Daftari ninalo mpaka leo. Mwaka mmoja, si miwili. Siachi kazi. Junior anabaki na mimi. Hakuna karatasi inayotiwa saini kabla hatujaisoma wote wawili. Na mstari wa mwisho, ambao yeye aliupinga nami nikaupigia mstari mara mbili: jambo la ndani ya nyumba yetu, mama ataambiwa baada yangu. Chakula cha mchana siku hiyo tulikula maharage yao makubwa ya La Granja, punje moja inajaza kijiko. Tuliongea kidogo sana.

Je, nilikuwa nimesamehe? Bado. Wiki iliyobaki kuna asubuhi tulikimbia pamoja, na kuna asubuhi nilishika njia ya reli peke yangu nikamwacha aende mtoni. Uwanja wa ndege sikulia, nililia kwenye ndege.

Mwajiri alikubali mwaka mmoja. Imebaki miezi minne. Siku hizi nakimbia Jumamosi alfajiri kutoka Coco Beach, mimi na yule mtu mzima wa ofisini, ambaye anakimbia kwa kutembea. Na kila Jumapili asubuhi simu inaita, napokea, simsikii chochote kwa sekunde kama kumi isipokuwa pumzi.

"Umefika juu?"

"Nimefika. Ngoja kwanza."

Namngoja.