Dakika 15 ku Kolwezi

Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni kilometa karibu 300. Basi yetu iliondoka jua bado halijatoka. Tulikuwa wanne kwa kiti ya watu watatu, na ndoo ya mama mmoja ilisafiri juu ya magoti yangu, si juu ya magoti yake. Kisha Likasi njia inajaa makamyo. Haya yanashuka na shaba na mifuko ya kobalti kwenda mpakani Kasumbalesa, yale yanapanda na asidi ya kusafishia madini. Kila mara tulisimama, vumbi ikaingia kwa madirisha, na konvoyeri akasema: "Mukule tu, hii hatulipishe." Watu wakacheka.

Nilikuwa ninaenda kuona kalasi moja. Mwalimu wake, rafiki ya dada yangu, anafundisha Kifaransa kalasi ya nane, upande wa Kasulo. Dada aliniambia kwamba kila Jumatatu mama huyu anawaacha watoto waandike yale yenye kuwa mu roho yao, na yeye hayasome. Nikamwuliza dada: ni mwalimu gani asiyesoma kazi ya wanafunzi? Kusema kweli nilienda na mashaka, na mashaka yale yalikuwa na sababu ya zamani. Nitaieleza.

Kolwezi ni mji wa mashimo. Wazee wetu waliujua mu siku za Gécamines, na nyumba za kampuni, hospitali ya kampuni, posho ya unga kila mwezi. Mwezi wa 9 mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka chini ya ardhi, na kutoka pale mambo ya kampuni yakaenda yakishuka. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walianza kutolewa mu mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari; wengi mpaka leo wanauliza hiari ile ilikuwa ya nani. Mu Kasulo, kutoka mwaka wa 2014, watu walivumbua kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Wakachimba mu lupango, wakachimba mu chumba cha kulala. Mwezi wa 6 mwaka wa 2019 udongo uliwaangukia wachimbaji mu mgodi mmoja wa kando ya mji, na wafu 43 wakahesabiwa. Ninaandika haya juu mtoto wa kalasi ya nane anatoka mu nyumba hizi. Asubuhi anafika na shati nyeupe na suruali ya buluu, mikono imenawa, na wewe mwalimu hauone kitu.

Kalasi ilikuwa na watoto zaidi ya 50, wanne wanne kwa benchi. Mama Mwalimu aliandika saa ku tablo, akageuka.

"Dakika 15. Muandike neno lenye kuwalemea, lilitokea namna gani, na munalisikia namna gani ndani. Makosa ya sarufi leo hatuyajue. Mwenye hana neno, aandike 'sina neno' mpaka neno likuje."

Mvulana mmoja wa nyuma, mgeni mu kalasi, akainua mkono: "Mama, iko ya pointi ngapi?"

"Haina pointi."

"Mu Français ao mu Kiswahili?"

"Mu luga yenye unalota nayo."

Wakacheka, kisha wakanyamaza. Sijasikia kunyamaza vile mu kalasi ya watoto wengi. Ulisikia biki tu, na pikipiki za inje. Binti mmoja wa mbele aliandika huku ameuzungusha mkono wake kwa ukurasa kama vile anazuia upepo. Mvulana jirani yake aliandika mstari mmoja, akaangalia dirisha mpaka mwisho, na hakuna aliyemgombeza.

Makaye yale hayakununuliwa. Mu mwezi wa 7 Mama Mwalimu anakusanya makaye ya zamani, anatoa karatasi zenye hazikuandikwa, anazishona na uzi. Wakimaliza, kila mtoto anafunga kaye yake na kamba, anaitia mu sanduku ya chuma. Ufunguo uko ku shingo ya mwalimu, pamoja na msalaba wake.

Juu ya luga, niliwaza njiani kwamba watu wa kwetu si wageni mu neno hili. Mwaka wa 1965 André Yav aliandika mu Kiswahili cha mji wetu historia ya Elisabethville, namna maboyi na wafanyakazi walivyoiona. Hakungoja Kifaransa chake kinyooke kwanza.

Sasa sababu ya mashaka yangu. Nilipokuwa mu sekondari, mwalimu mmoja alituomba tuandike siku isiyosahaulika. Mimi niliandika siku baba aliuza radio yetu juu mshahara haukutoka mwezi wa tano, na usiku nikamsikia analia mu jiko. Mwalimu aliisoma mbele ya kalasi yote, akisimama kila penye kosa ili tucheke pamoja. Alifikiri ni somo la sarufi. Kutoka siku ile jina langu ku masomo likawa "Radio". Mwaka wote uliobaki niliandika mambo ya ndege na maua, na nilipata pointi nzuri sana.

Nilimweleza Mama Mwalimu habari hii jioni, kwake, tukila bukari na samaki. Hakushangaa. Akaleta karatasi za fotokopi zenye alama za mafuta ya taa, akanieleza mahali alipoanzia. Mwaka wa 1986 mwalimu wa elimu ya nafsi, James Pennebaker, pamoja na Sandra Beall, walitangaza jaribio walilofanya na wanafunzi 46 wa chuo kikuu ku Dallas, Marekani. Siku nne, dakika 15 kila siku. Wengine waliandika mambo ya bure tu, kama namna chumba chao kilivyo. Wengine waliandika jambo lililowaumiza zaidi mu maisha. Wale walioandika tukio pamoja na uchungu wake walisikia vibaya siku ile ile, lakini mu miezi iliyofuata walienda kwa munganga mara chache kupita wenzao.

"Ile ya kusikia vibaya kwanza, ushike sana," aliniambia. "Njo maana siandikishe mbele ya mutihani, wala siku ya mwisho ya juma. Mutoto akitoka na machozi, kesho ninamuona tena."

Tena hakunidanganya. Alisema kwamba mwaka wa 2006 mtu alikusanya majaribio 146 ya namna hii, akaona kwamba faida iko lakini ni ndogo. Mwaka wa 2011 watafiti wa Chicago walisema kwamba mtoto akiandika hofu yake dakika 10 mbele ya mutihani atajibu vizuri zaidi. Wengine walipojaribu tena, mwaka wa 2018 wakatangaza hawakuona vile. Wazazi wa kalasi ya nane, wenye kungojea TENASOSP, wasitafute dawa ya pointi hapa. "Mi siko munganga," alisema, "na kaye haiko penisilini."

Nikamwuliza lenye lilikuwa linanisumbua tangu asubuhi. Kama mtoto anaandika kwamba anapigwa, ao jambo baya kupita kupigwa, na hakuna anayesoma, kaye ile inamsaidia nini?

Alikaa kimya, akatoa mifupa ku sahani. Kisha akaeleza habari ya pembe. Mwenye kutaka Mama asome anakunja pembe ya ukurasa. Asiyekunja, hausomwe. Na tangu siku ya kwanza anawaambia wazi: nikisoma kwamba mtu anakuumiza, sitakaa na neno lile peke yangu. Mwaka uliopita binti mmoja aliandika miezi miwili bila kukunja. Juma la tisa pembe ilikunjwa. Sitaandika hapa lilikuwa neno gani. Mama Mwalimu hakukimbilia polisi wala hakuita wazazi, alimwuliza mtoto kwanza: "Unataka nani ajue?" Mtoto akamtaja nyanya yake. Wakaenda kwa nyanya, yeye pamoja na direkta wa masomo, ambaye ni mama pia. Leo binti anakaa kwa nyanya, kartye ingine, na mambo mengine yako kwa wenye kazi ile.

"Na wale ambao hawakunja?" nikauliza.

"Baba, usiku mwingine silale. Sanduku iko kwa masomo, mimi niko hapa, na najua pengine iko ingine ndani."

"Basi usome zote."

"Nikisoma moja bila ruhusa, juma lenye kuja wote wataandika maua. Kama wewe."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina, na mwenye kuwa nalo kati ya wasomaji aniletee.

Niliacha kusema jambo moja. Siku ile mu kalasi, Mama Mwalimu alinipa karatasi na biki kama wote, na hakuniuliza kama ninataka. Niliketi ku benchi ya nyuma, magoti yakigonga meza, nikaandika dakika zote 15. Yule mvulana mgeni alichungulia mara moja, kisha akageuza uso, akaendelea na yake.

Ku kurudi, basi iliharibika mbele ya Likasi na tulilala njiani. Nilifika Lubumbashi na nguo za vumbi, mke wangu akazichukua kufua. Akakuta karatasi mu mfuko wa koti, imekunjwa mara nne. Akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya masomo. Akaiweka juu ya kabati, chini ya kikombe, bila kuikunjua.