Nani kakupa hivi vyote?

Nimekuwa kimya muda mrefu, kazi ziliniteka. Leo narudi na kisa ambacho nimekikwepa sana kukiandika, kwa sababu aliyefanya makosa ni mimi mwenyewe.

Shangazi yangu ana duka la leso Barabara ya Biashara, hapa kisiwani Mombasa. Wenyeji mwapajua: ikikaribia Idi hapapitiki. Kwa miaka mingi hesabu zake zilikaa katika daftari moja kubwa la jalada jeusi. Nilipomaliza shahada ya sayansi ya kompyuta nikamwambia, "Shangazi, nitakutengenezea programu." Akakubali kwa sharti moja: orodha ya madeni isionwe na mtu.

Sharti hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Daftarini mna majina ya kina mama wa Kibokoni, Kuze na mitaa mingine ya Mji wa Kale, nani kachukua doti ngapi, nani hajamaliza kulipa tangu arusi ya mwanawe. Kwetu watu wajuana. Orodha ile ikitoka nje, hasara si ya pesa tu, ni aibu kwa watu waliomwamini.

Basi jioni moja nikaketi dukani kuweka programu. Nikaandika amri moja ya npm, na majina yakaanza kuteremka kwenye skrini. Mimi niliomba vifurushi sita tu. Vikaingia zaidi ya mia tatu! Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Na hivi vyote ni nani kakupa?"

"Ni watu mbalimbali, Shangazi. Wametengeneza na kuvitoa bure, kila mtu avitumie."

"Wewe wawajua?"

"Wote? La, siwajui."

"Basi wanitilia dukani watu usiowajua?"

Nikacheka. Nikamweleza kuwa hizi ni programu huria: msimbo wake uko wazi, mtu yeyote aweza kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Nikamwambia macho ya dunia nzima yanautazama. Hakunijibu. Akaenda kukunja leso zake.

Nilikuwa nimesema kweli nusu. Msimbo uko wazi, lakini kuwa wazi si sawa na kusomwa. Katika vile mia tatu, mimi sikuwa nimesoma hata kimoja.

Haya, twende mwezi wa Machi 2024, katikati ya Ramadhani. Ijumaa tarehe 29, baada ya tarawehe, nikafungua laptopu na kukuta habari imewaka kila mahali. Mhandisi mmoja wa Microsoft, Andres Freund, ambaye pia ni mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, alikuwa ameona jambo dogo: kuingia kwenye mashine yake kwa SSH kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Wengi wetu tungelaumu mtandao na kwenda kulala. Yeye akafuatilia, akagundua kuwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux, mtu amechonga mlango wa uani. Mwenye ufunguo wa mlango huo angeweza kuiamrisha mashine kupitia SSH bila nenosiri lolote.

Aliyeuchonga hakuvunja ukuta. Aliingia kwa heshima! Kwa miaka kama miwili, mtu aliyejiita Jia Tan alileta marekebisho mazuri, akajibu barua, akasaidia. Mwenye mradi, Lasse Collin, alikuwa akiifanya kazi hiyo kwa kujitolea, naye alikuwa amechoka. Majina mengine yasiyojulikana yakawa yanamsukuma kwenye barua pepe: mbona wachelewa, ongeza msaidizi. Mwishowe Jia Tan akapewa ruhusa ya kutoa matoleo. Sumu ikaingia katika 5.6.0 na 5.6.1, tena sehemu yake moja haikuwemo katika msimbo uliokuwa ukionekana na watu, ilitiwa katika mafaili yaliyofungwa kwa ajili ya kupakuliwa tu.

Seva ya duka ilikuwa na Debian thabiti, ambayo haikuguswa. Lakini laptopu yangu ilikuwa na Kali Linux. Kwa nini Kali? Ujana tu, nilipenda ionekane. Na Kali ilikuwa imesambaza toleo lile kati ya tarehe 26 na 29 Machi. Mimi nilisasisha tarehe 27. Nikaandika xz --version. Ikanijibu: 5.6.0.

Wasomaji, moyo ulinienda mbio. SSH niliiwasha mwenyewe ili niingie kutoka chumba cha pili. Na ndani ya laptopu ile mlikuwa na ufunguo wa seva ya duka, funguo za M-Pesa, na nakala ya orodha nzima ya madeni, niliyoichukua "kwa majaribio" nikasahau kuifuta.

Usiku ule sikulala mpaka daku. Niliifuta laptopu yote, nikabadilisha kila ufunguo, nikapekua kumbukumbu za seva mstari kwa mstari. Sikuona dalili ya mtu kuingia. Asubuhi nikaenda kwa Shangazi.

"Madeni ya watu yametoka?"

"Sijaona dalili kuwa yametoka. Lakini siwezi kukuapia."

Akanyamaza kitambo. Kisha akainama chini ya meza, akatoa daftari lake jeusi. Tulilitumia lile mpaka baada ya Idi.

Tangu hapo naanza na swali lake. Kabla ya kifurushi kipya kuingia, nafanya hivi:

1. Nakihitaji kweli? Kama ni mistari kumi, naiandika mwenyewe.

2. Jina ndilo lenyewe? Kuna watu husajili majina yanayokosea herufi moja, wakingoja vidole vyako viteleze.

3. Nani anakishika? Ni mtu mmoja au kundi? Kimebadilisha mikono karibuni? Mwaka 2018 mwenye event-stream alimkabidhi kifurushi mtu aliyejitolea kusaidia. Mtu huyo akapachika ndani yake msimbo wa kuiba bitcoin kutoka pochi ya Copay.

4. Kina kasoro inayojulikana? npm audit na osv.dev hukuambia. Lakini kumbuka, hizo hujua yaliyokwisha kugunduliwa. Tarehe 27 Machi zisingenisaidia kitu.

5. Nafunga matoleo, na toleo jipya naliacha siku kadhaa, isipokuwa linapoziba tundu la usalama. Septemba 2025 mdudu aliyejisambaza mwenyewe, Shai-Hulud, aliambukiza mamia ya vifurushi vya npm huku akiiba funguo za watengenezaji. Waliosubiri kidogo walisalimika.

6. Kikioza, kitafika wapi? Hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Maana Jia Tan angefaulu maswali yangu mengi: anajulikana, anajibu haraka, kazi yake safi. Kwa hiyo siwezi kutegemea kumjua mtu peke yake. Nahakikisha kuwa hata mwovu akipenya, hatayakuta madeni ya watu sebuleni.

Je, niache programu huria? Hapana. Ushahidi ilizaliwa hapa Kenya mwaka 2008 kwa njia hii, na vituo vyetu vya afya hutumia KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS. Tena Freund aliweza kuufichua mlango ule kwa sababu hakukuwa na wa kumzuia kuchungulia. Kilichoniponza mimi ni kutumia uwazi wa msimbo kama kisingizio cha kutoutazama.

Programu imerudi dukani. Mwezi uliopita nilitaka kuongeza kifurushi cha kuchora grafu za mauzo. Shangazi akaniuliza kabla sijabonyeza: "Huyu nae, wamjua?"

Safari hii nilikuwa na la kumjibu. Kilishikwa na mtu mmoja, kimya tangu miaka mitatu. Grafu nimezichora mwenyewe. Si nzuri sana, lakini zasomeka.

Wasalaam.