Chumvi ya Mlima Elgon

Mtu atokaye Kitale kwenda Bungoma kwa njia ya Kimilili huwa na Mlima Elgon mkono wake wa kulia karibu safari nzima. Si mlima wa kumshtua mtu. Hauna ncha zilizochongoka kama Mlima Kenya, wala theluji kama Kilimanjaro. Umejinyosha tu juu ya nchi kama ng'ombe aliyelala, na wasafiri wengi hawautazami mara mbili. Mimi naona wanapitwa na jambo kubwa.

Mlima huu, ambao Wabukusu huuita Masaba, ni volkano iliyozimika. Ulianza kutapika moto zaidi ya miaka milioni ishirini iliyopita, Kilimanjaro haujazaliwa bado. Upana wa tako lake ni kama kilomita 80. Kilele kirefu kupita vyote, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko Uganda. Upande wa Kenya kiko Koitobos, chenye mita 4,222. Huko juu ni nyasi, baridi na ukimya, na mtu aweza kutembea siku nzima asimwone mwenziwe.

Lakini kilichonivuta mimi ni mapango yaliyo chini zaidi, ndani ya msitu, upande wa Endebess. Kubwa kati yao ni Kitum, lililopenya mlimani kiasi cha mita 200. Joseph Thomson, msafiri Mskoti, alipofika mlimani mwaka 1883 alikuta watu wakiishi mapangoni pamoja na ng'ombe wao. Alistaajabu mno, akadhani kazi kubwa namna ile haikosi kuwa ya mafundi wa kale waliotoka mbali, labda Misri. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi ya wasafiri wengi wa siku zile: wakiona jambo kubwa katika Afrika, humtafutia mwenyewe ng'ambo.

Mwenye kazi hakuwa mbali. Volkano ilipokuwa hai ilimwaga majivu na mawe tabaka juu ya tabaka, ikafunika hata misitu. Ndiyo maana katika kuta za Kitum mna magogo yaliyogeuka mawe. Majivu hayo yana chumvi. Mvua za mlimani ni nyingi, nazo huiosha chumvi kutoka katika udongo na majani, hata wanyama wakaikosa. Maji yaliyopita chini ya mwamba yalianza kuyachimba mapango, na ndovu wakayapanua kwa meno yao, kizazi baada ya kizazi.

Huingia usiku, wakifuatana, mama na ndama. Gizani hawaoni kitu. Hupapasa njia kwa mkonga, nao yawapasa kuwa na hadhari, maana ndani mna ufa mrefu ambamo ndama wamepata kutumbukia wakafa. Wakifika ukutani hung'oa mwamba kwa pembe, wakausaga kwa magego na kuumeza. Nyati na pongo huja nyuma yao, wakaramba.

Wasabaot nao waliijua chumvi hiyo. Walichimba mawe yake wakawapa ng'ombe, na penye vita walijificha mapangoni na mifugo yao. Kwa hiyo mtu na ndovu wamechimba ukuta mmoja, na leo si rahisi kusema wapi mmoja alikomea na mwingine akaanzia.

Nimeingia Kitum mara tatu. Mara ya kwanza nilipitisha kidole katika mifuo iliyoachwa na pembe, nami nikahisi kama nasoma maandishi ya mtu asiyejua kwamba ameandika. Juu ya kichwa popo walikuwa wakilia kwa maelfu. (Hao si wa kuchezewa: mwaka 1980, na tena mwaka 1987, mgeni aliyekuwa amezuru pango hilo alikufa kwa homa ya Marburg.)

Ndovu hawawezi kuacha chumvi, na jambo hilo ndilo lililowaponza. Katika miaka ya 1980 majangili walijua pa kuwangojea, wakawaua wengi mno kwa ajili ya pembe zile zile zilizochimba mapango. Waliosalia ni wachache, na wamekuwa waoga. Hata hivyo, askari wa mbuga bado hukuta kinyesi chao njiani asubuhi, na ukutani alama mpya, nyeupe kuliko zile za zamani.