Kopo la Kaka

Ndoa ya kaka ina miaka mitatu na bado hawajapata mtoto. Shemeji ameshapimwa Vwawa mara mbili. Mama mkwe wake humletea mizizi kutoka vijijini Mbozi, anaichemsha, anakunywa kimya. Kaka hajawahi kuulizwa chochote. Nani atamshuku mwanaume mwenye kifua kile?

Si kaka wa tumbo moja. Namwita hivyo kwa sababu ndiye aliyenifundisha kunyanyua vyuma, kwenye ua mmoja hapa Tunduma ambako nusu ya "vyuma" ni makopo ya rangi tuliyomimina zege. Kila asubuhi humeza vidonge vitatu kutoka kopo jeusi linalojinadi kupandisha homoni za kiume kwa mimea mitupu.

"Cha asili hakina madhara, mdogo wangu."

Nikaanza kusoma. Mwaka 2000 na 2001, maabara moja ya Cologne, Ujerumani, ilikusanya virutubisho 634 kutoka nchi 13, ambavyo kwa lebo zake havikuwa na homoni. Ndani ya 94 zilikutwa homoni zisizotajwa popote kwenye kopo.

Mwili nao una hesabu zake. Ubongo ukiona homoni hiyo imejaa kwenye damu, unaacha kuziagiza korodani zifanye kazi. Zinasinyaa, mbegu zinapungua, wakati mwingine hadi sifuri, huku misuli ikizidi kutuna. Akiacha, mara nyingi mbegu hurudi, ila huchukua miezi, hata zaidi ya mwaka. Na kama kopo lina mimea tu kweli, basi kaka ananunua majani kwa bei ya mbuzi.

Hapa kwetu, tangu 2019 usalama wa chakula uko TBS, dawa ziko TMDA. Kopo la kaka linajiita chakula na kuahidi kazi ya dawa.

Nilimweleza tukiwa tunapumzika kati ya seti. Akacheka, kisha akanuna.

"Kwa hiyo mimi si mwanaume?"

"Ni kipimo tu, kaka."

Hatukuongea wiki nzima. Juzi shemeji alinipigia: daktari anataka mume naye aje. "Wewe anakusikiliza," alisema.

Jumatatu tunapanda gari la Mbeya, mimi na yeye. Kopo ameshalifunga kwenye gazeti. Amesema nilibebe mimi.