Nilipiga Lipu Kabla ya Kupiga Hodi



Leo sizungumzii mashela wala mishono. Nataka kuwasimulia habari ya ukuta ulioniharibia gauni la bibi harusi, na ukakaribia kunifungisha duka.

Mimi ni mzaliwa wa Mkumbi, wilaya ya Mbinga, kule kwenye milima ya kahawa. Kwetu mtu akiuza kahawa yake vizuri, anachoma matofali, anabadilisha bati, anapaka rangi aipendayo. Baba yangu aliupaka mlango wetu kijani kibichi na hakuna aliyemuuliza kitu. Nilipomaliza kidato cha nne nikasoma ushonaji, kisha nikaolewa Unguja. Nilikuja na cherehani yangu na fikra ile ile ya kwetu: nyumba ukikaa wewe, ukuta wa nje ni wako.

Duka langu ni chumba cha chini katika nyumba ya ghorofa Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho pikipiki ikipita watu mnajibana ukutani. Mwenye nyumba, Bi Mkubwa, anakaa juu. Nyumba ni ya urithi, yeye na ndugu zake wanne.

Ukuta wa mbele ulikuwa ukimomonyoka kila siku. Asubuhi nilifagia unga mweupe, kesho yake upo tena. Mwaka juzi, zikiwa zimebaki siku sita kabla ya nikaha, nilitungua gauni la satini jeupe nikakuta mgongoni limeota madoa ya ukungu. Bibi harusi alilia, na mama yake hakusema neno, jambo lililoniuma zaidi. Nilishona sketi nyingine kwa usiku mbili. Harusi ikapita, alhamdulillah, lakini mimi nikaapa: ukuta huu nitaumaliza.

Ikaingia Shaabani. Nilijua harusi zitafumuka Mfunguo Mosi, nikataka duka ling'ae. Nikamwita fundi nikampa orodha: lipu nzito ya saruji, madirisha ya alumini, marumaru juu ya baraza, na bango kubwa la taa. Nikamlipa nusu, na alumini nikaweka amana. Bi Mkubwa nilimwambia tu, "Mama, nasafisha ukuta kidogo." Dada zangu, maneno yale hayakuwa uongo kamili, lakini ukweli hayakuwa, na moyo wangu ulijua.

Siku ya pili maofisa wa uhifadhi wakafika. Waliuliza kibali nikawaonesha leseni ya biashara. Wakasimamisha kazi. Fundi akakusanya vyombo vyake akaondoka na pesa yangu, akaniachia lundo la kokoto mlangoni. Jioni ile Bi Mkubwa alishindwa kushuka na mkongojo wake kwenda kumuona mgonjwa nyumba ya tatu. Akaniita juu.

Nilitegemea kufukuzwa. Alinimiminia chai, akaniambia, "Mwanangu, we hukupiga hodi."

Nikamwambia, "Mama, mimi nalipa kodi."

"Kodi ni ya ndani," akasema. "Ukuta huo upande wa pili una jiko la jirani. Baraza hiyo wazee wanapumzika wakitoka msikitini. Ukigonga huku, vumbi linaanguka kwa mwenzio." Kisha akanikumbusha Beit-al-Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na watu wakapoteza maisha. Alisema nyumba za huku huegemeana kama watu waliochoka, na huwezi kumgusa mmoja ukadhani wengine hawatikisiki.

Nililala na neno lile. Surat An-Nur inatufundisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu. Tangu utotoni nilidhani hodi ni ya mlangoni tu. Sikufikiri kwamba mtu anaweza kuingia katika haki ya jirani yake akiwa amesimama nje, na nyundo mkononi.

Basi nikaanza upya. Mji Mkongwe una Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji tangu mwaka 1985, na mwaka 2000 mji uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ukitaka kubadilisha dirisha, mlango, lipu au kuweka bango, unaomba kwanza. Nilianza na ridhaa ya wenye nyumba. Mmoja yuko Muscat, mmoja Dar es Salaam, wote niliwafuata kwa simu, na huyu wa Muscat alitaka kujua mpaka rangi. Kisha nikapeleka picha za ukuta, mchoro, na maelezo ya kila kitu ninachotaka kufanya. Wakaja kukagua.

Hapo ndipo nilipojua kilicholiharibu lile gauni. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Unyevu wa ardhini hupanda ndani yake, na chokaa huuacha utoke taratibu. Mpangaji wa zamani alipaka saruji sehemu ya chini. Saruji ikaziba, unyevu ukatafuta njia ya kutokea chumbani kwangu, na ule unga niliokuwa nikiufagia ni chumvi. Mimi mshonaji nilielewa mara moja: chokaa ni kama pamba na saruji ni kama nailoni. Nani atamvisha mtu nailoni nzito juu ya jasho halafu ashangae akipata vipele? Na mimi nilikuwa nimelipia nailoni ya pili juu ya ile ya kwanza!

Nilikubaliwa kubandua saruji, kupiga lipu ya chokaa, kutengeneza madirisha ya mbao yaliyopo na kuziba nyufa za baraza. Alumini, marumaru na taa nilikataliwa. Bango niliruhusiwa dogo, la mbao. Amana ya alumini haikurudi.

Mfunguo Mosi ulinikuta kazi haijaisha. Bi Mkubwa akasema, "Lete cherehani juu." Mabibi harusi wangu wote wa msimu ule walipimwa sebuleni kwake, yeye akitoa maoni kuhusu mikono mifupi.

Sasa nije kwako, hasa wewe bibi harusi unayehamia nyumba ya ukweni au fleti. Utatamani kuweka nondo mpya, kupaka rangi roshani, kufunga dishi, kutandika marumaru barazani. Kutamani si vibaya. Ila kwanza jua nyumba ni ya nani, na kama ni ya urithi, warithi ni wangapi. Pata ridhaa yao kwa maandishi. Uliza kibali kinatolewa na nani mahali hapo. Mwambie jirani siku ya kuanza. Na pesa usimpe fundi mpaka hayo yote yamekamilika.

Ukuta wangu bado unakauka, maana chokaa haina haraka, na nguo nyeupe sizitundiki upande ule. Lakini unga nilioufagia miaka mitatu umepungua sana. Jioni wazee wanakaa barazani, na ninapofunga duka nawaomba radhi kabla sijapita katikati yao.

Allah atujaalie nyumba zenye utulivu, na majirani walio radhi nasi. Aamin.

Wassalaam alaykum.