Sisi wa Chini

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi ya kuangamiza kweleakwelea kwa dawa inayonyunyizwa kutoka angani, huniuliza habari za rubani. Rubani alijulikana hata kwa watoto wa vijijini. Akipita juu ya migunga, walimshangilia. Sisi wa chini, tuliojaza tangi, kupima upepo na kushika bendera za kumwongoza rubani, tulirudi kambini tukinuka dawa, basi.

Kweleakwelea ni ndege mdogo: mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi na kwa siku hula nafaka kama gramu 10. Ni kidogo, lakini haji peke yake. Kundi linalolala mahali pamoja huweza kufika mamilioni, na mkulima wa mpunga wa Bahi au Mbarali huenda kula chakula cha mchana, akirudi anakuta mabua. Ndiyo maana tuliwafuata mpaka kwenye matete na migunga wanakolala, wakanyunyiziwa jua linapozama, wakiwa wamekwisha kutua.

Kijana mgeni kazini aliiogopa ndege, na hakukosea. Giza likinyemelea, tulijaza tangi injini ikiwa inanguruma, na propela inayozunguka kwa kasi haionekani. Sharti lilikuwa kuijia ndege kwa nyuma ya bawa, na kutopita mbele hata kofia yako ikipeperuka. Mshika bendera naye aliiona ikimjia usawa wa miti. Alipaswa kusogea kuelekea upepo unakotoka kabla haijamfikia, ili dawa ibaki nyuma yake. Woga huo ulitulinda. Habari ya propela haikuhitaji kurudiwa.

Habari ya pipa la dawa ndiyo tuliyoirudia kila siku. Dawa yetu, fenthioni, hupenya kwenye ngozi na kuvuruga mishipa ya fahamu: jasho na mate hutoka ovyo, misuli hutetemeka, pumzi hubana. Lakini pipa halingurumi. Kwenye joto la Dodoma, ovaroli nzito na glovu za mpira ni adhabu, na aliyezivua dakika tano hakuona kitu, akazivua tena kesho yake.

Jioni moja mwenzangu alilalamika kwamba karabai imefifia. Karabai ilikuwa inawaka vizuri. Nilimmulika tochi usoni: mboni zilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Mpira wa pampu ulikuwa ukivuja, na mkono wa ovaroli yake ulikuwa umelowa mpaka kiwikoni. Tulivaa glovu, tukamvua nguo, tukamwosha kwa sabuni na maji mengi, tukamkimbiza hospitali na lebo ya pipa mkononi ili daktari ajue anatibu nini. Akachomwa atropini, akapona. Ofisi iliyotutuma iliandika kwamba aliugua malaria.

Hata hali ya hewa ilihadaa. Mgeni hupenda jioni isiyo na upepo, akidhani dawa itaanguka palepale. Kumbe hewa ya karibu na ardhi ikipoa na kutulia, matone madogo huelea, kisha husogea mbali, pengine mpaka penye sufuria zenu. Tulitaka upepo mwepesi usiobadilika, na kambi tuliipiga upande unakotoka.

Asubuhi kazi ilikuwa kuwazuia watu wasiokote ndege waliokufa kwa ajili ya kitoweo, na kuyatoboa mapipa matupu kwa sururu. Pipa zima lina bei, hasa penye shida ya maji. Akina mama walituona wachoyo, nasi tukaendelea kutoboa.

Siku hizi rubani huongozwa na GPS, na bendera haina kazi. Pipa bado hufunguliwa na mtu. Kwa hiyo nilipopewa usimamizi niliweka sharti ambalo marubani hawakulipenda: mchanganyaji wa dawa akisema glovu imetoboka, ndege hairuki. Jioni moja ilitupotea hivyo. Mzee mwenye shamba jirani alinijia juu, akaniuliza glovu na mpunga wake kipi kina thamani. Nilimpa pole, kwa kuwa hasara ilikuwa yake kweli. Kesho yake tulikuja na glovu nzima, tukanyunyiza.