Mungu hangoji kilo zako

Wasee, leo hakuna vichekesho. Kama ulinifuata kwa sababu ya zile video za matatu za barabara ya Narok, vumilia tu, zitarudi. Kuna kijana aliniuliza swali wiki iliyopita na halijanitoka kichwani: kama Mungu ana kila kitu, mimi ananitakia nini?

Swali poa sana. Shida ni kwamba sisi watu wa Bomet tuna jibu tayari, na tumelitoa kwa chai.

Angalia mkulima wa chai. Anachuma majani mawili na kichipukizi, anabeba kikapu hadi kituo cha kupimia, karani anasoma mizani na kuandika kilo. Mwisho wa mwezi analipwa kwa hizo kilo. Halafu ikikaribia Oktoba bonasi ya KTDA inatoka, na nyumba nzima imekuwa ikiingoja: karo, mabati, deni la dukani. (Kwa nini bonasi ya huku ni ndogo kuliko ya Mlima Kenya? Hiyo nitaiandikia siku yake, na nitakuwa na hasira.) Hapa Longisa penyewe utaona mahindi na ng'ombe wa maziwa kuliko chai, lakini hesabu ya kilo sote tunaijua.

Sasa si ndivyo tunavyomwendea Mungu? Nimekesha mara ngapi, nimefunga siku ngapi, nimetoa sadaka ngapi. Tunapeleka kikapu, tunangoja bonasi. Ikija ndogo, tunanuna.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa, na stori yenyewe si ya leo. Lakini kuna Jumapili moja waliohitimu waliitwa mbele ya kanisa, wakapigiwa makofi, wakaombewa. Wale niliosoma nao walikuwa pale mbele na mimi nilikuwa benchi la nyuma karibu na mlango. Ibada ilipoisha, kogo mmoja akanishika mkono, akafunga macho, akaomba Mungu anikumbuke. Anikumbuke! Aliniombea kwa upendo kabisa, hata sina neno naye. Ila usiku huo nilikaa macho na hilo neno. Kwani alikuwa amenisahau? Mtu ambaye kikapu chake kiko tupu ana nini cha kumwambia Mungu?

Nikaanza kusoma Biblia nikitafuta hiyo mizani iko wapi. Mwanzo 3, Adamu na Hawa wameshaharibu mambo, wamejificha kwenye miti. Mungu anatembea bustanini wakati wa jua kupunga, na kitu cha kwanza anachofanya ni kumwita Adamu na kuuliza alipo. Yule anayejua kila kitu! Ukiniuliza mimi, hiyo ni sauti ya mzazi anayeita kwa jina giza likianza kuingia. Makosa yalikuja kuongelewa baadaye, na hayakuongelewa kwa upole sana, tusidanganyane. Lakini kwanza alimtafuta mtu.

Na hapo ndipo nilipopata la kumjibu yule kijana. Kiwanda kinakutafuta kwa sababu kinahitaji majani. Siku huna majani, lori linapita tu. Paulo aliwaambia watu wa Athene kwamba Mungu hahitaji kitu kutoka mikononi mwetu. Nilikuwa nasikia hiyo kama habari ya kunifukuza. Lakini fikiria: mtu ambaye hana anachokosa, na bado anakutafuta, anatafuta nini kama si wewe? Kilo zako hana kazi nazo. Amebaki na sababu moja tu.

Kuna kitu kingine kinanichekesha. Moja ya viwanda vya chai hapa Bomet inaitwa Kapkoros. Waulize wazee: kapkoros ni mahali ambapo Wakipsigis walikusanyika kumwomba Asis, zamani kabla ya makanisa. Na nyumbani kulikuwa na mabwaita, madhabahu ya matawi karibu na mlango, upande jua linakochomoza. Sisemi turudi huko, wachungaji msinipigie simu. Nasema babu zetu hawakuona ajabu kuongea na Mungu mlangoni pa nyumba, asubuhi, kabla hata ya kutoa ng'ombe. Leo neno kapkoros ukilitaja kwa kijana wa Bomet, anawaza mizani.

Luka 15 tunaipenda kwa sababu ya yule mdogo aliyepoteza mali. Baba alimwona angali mbali, na mimi huwa nawaza ni jioni ngapi alikuwa amesimama akiangalia ile barabara. Lakini anayenisumbua ni yule mkubwa. Hakuwahi kutoka nyumbani. Hakuwahi kukosa kazi. Siku ya sherehe anarudi kutoka shambani, anasikia ngoma, anakataa kuingia, na anapoongea na baba yake anaongea kama kibarua: miaka yote hii nimekutumikia, na hata mbuzi hujanipa. Amekaa na baba miaka yote akihesabu kilo. Nyumbani yupo, lakini baba hamjui.

Wengi wetu tuliolelewa kanisani ni huyo. Wanaoimba kwaya, wanaopanga viti, wanaoombea wengine wakumbukwe.

Na yule baba anafanya nini? Anaacha wageni, anaacha nyama mezani, anatoka nje kumbembeleza. Anamwita mwanangu. Anamwambia vyote alivyo navyo ni vyake, tangu zamani, wala havikuwa vya kungojewa. Halafu Luka anakata hadithi hapo hapo. Ndani ngoma inaendelea, nje wamesimama wawili, na hatuambiwi kama kijana aliingia.